Pamfleti ya redoksi: upande wa tindikali umetulia, upande wa besi ushikie kalamu

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: nunua. Elfu sita si hela ya kulilia kwa pamfleti yenye kurasa sabini na mbili juu ya mada moja tu, kusawazisha milinganyo ya redoksi, yaani mimenyuko ambayo kitu kimoja kinatoa elektroni na kingine kinazipokea. Sehemu ya tindikali imeandikwa na mtu aliyesimama mbele ya darasa mpaka akajua watoto wanateleza wapi. Yenye mgogoro ni sehemu ya besi, nayo nitaieleza kwa kirefu, maana hapa Geita ni besi inayotulisha.

Kwanza bidhaa yenyewe. Ni fotokopi ya A4, springi nyeusi, plastiki mbele, manila ya bluu nyuma. Jina la mwandishi hakuna, limebaki neno "Mwalimu" na namba ya simu iliyofutika kwa kutolewa kopi juu ya kopi. Nakala niliyouziwa mara ya kwanza ilikuwa na kurasa zilizofifia hadi alama za chaji hazisomeki, na kwenye mada hii ukurasa usiosomeka chaji ni bora usiwepo. Nikairudisha. Kijana wa steshenari akaniambia, "Mama, mashine ilikuwa inaishiwa wino, ngoja nikutolee nyingine," akanitolea bila ubishi. Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua ukurasa wa 19 na wa 44, tazama kama kile kialama cha kutoa juu ya MnO₄⁻ kinaonekana.

Niliinunua kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tano PCB (fizikia, kemia na baiolojia), amekuja kwangu likizo. Mimi mwenyewe niko maabara ya plant ya kuchenjua marudio, yaani mchanga uliokwishatolewa dhahabu mara ya kwanza: napima sampuli za dhahabu, naangalia dawa, yaani sayanaidi, kwenye matangi. Kemia hii naishika kwa mikono kila siku, ndiyo maana nimeisoma pamfleti hii kwa jicho kali kuliko mzazi wa kawaida anayeangalia tu kama kitabu ni kinene.

Nianze na sifa. Vitabu vingi vya shule huanza mada hii kwa namba za oksidisho na sheria zake lukuki, mtoto anachoka kabla hajasawazisha hata mlinganyo mmoja. Mwalimu huyu zile sheria amezimaliza kwenye kurasa nne, akaingia moja kwa moja kwenye nusu-milinganyo: kinachopokea elektroni kinaandikwa peke yake, kinachotoa peke yake, halafu vinajumlishwa. Mfano wake wa kwanza ni permanganeti na oksaleti, chaguo zuri, kwa sababu ndiyo titresheni (kupima kwa kudondosha myeyusho kutoka kwenye bureti) ambayo mwanafunzi ataifanya kwa mikono yake maabara. Anakwenda hatua kwa hatua. Andika manganizi peke yake: MnO₄⁻ kwenda Mn²⁺. Manganizi ni moja kila upande, sawa. Oksijeni nne ziko kushoto, basi weka maji manne kulia. Sasa kulia kumeingia haidrojeni nane, weka H⁺ nane kushoto. Hapo ndipo anapomsimamisha msomaji na kumwambia ajumlishe chaji: kushoto ni −1 na +8, yaani +7, kulia ni +2. Tofauti ni tano, basi elektroni tano zinaingia kushoto.

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Oksaleti ni nyepesi: C₂O₄²⁻ → 2CO₂ + 2e⁻. Elektroni tano dhidi ya mbili, zidisha ya juu kwa 2 na ya chini kwa 5, jumlisha:

2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O

Haya yapo katika kila kitabu. Uzuri wa huyu mwalimu ni kwamba haachi mlinganyo ukae karatasini. Ukurasa unaofuata anaeleza kwa nini ile H⁺ lazima itoke kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, isiwe haidrokloriki wala nitriki. Haidrokloriki ina kloridi, na permanganeti itaila kloridi kuitoa klorini, usomaji wa bureti unapanda bure. Nitriki nayo yenyewe ni kioksidishaji, itaingilia kazi. Anaeleza pia kwa nini myeyusho wa oksaleti unapashwa moto kwanza, kama nyuzi 60 hadi 70, na kwa nini matone ya mwanzo yanakawia kupoteza zambarau yake halafu ghafla yanaanza kupotea haraka: Mn²⁺ inayotengenezwa ndiyo inayochochea mmenyuko wenyewe. Nimewahi kuona watoto wa shule waliokuja kutembelea plant wakisimulia kwamba walidhani permanganeti yao imeharibika kwa sababu ya hayo matone ya mwanzo. Wakaendelea kumwaga, wakapitiliza.

Ukurasa wa 19 ndio bora kuliko wote. Ameweka permanganeti moja kwenye mazingira matatu. Kwenye tindikali inapokea elektroni tano, inakuwa Mn²⁺, maji yanabaki karibu hayana rangi. Kwenye mazingira ya kati au besi hafifu inapokea tatu, inatoa MnO₂, mashapo ya kahawia. Kwenye besi kali inaweza kupokea moja tu ikawa MnO₄²⁻, kijani. Chini yake kaandika sentensi moja ambayo ningeipiga mhuri: ukiona kahawia kwenye chupa wakati unatitresha, asidi haikutosha, mwaga uanze upya. Hiyo ni kemia yenye macho. Mtoto akishaona kwamba H⁺ zikipungua bidhaa inabadilika, hatauliza tena kwa nini swali la mtihani linahangaika kumwambia "kwenye myeyusho wa tindikali" au "kwenye myeyusho wa besi".

Kuna na ukurasa wa haidrojeni peroksaidi ambao sikuutegemea kwenye pamfleti ya elfu sita. Anaweka milinganyo miwili ya permanganeti na peroksaidi ndani ya tindikali:

2MnO₄⁻ + H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 3O₂ + 4H₂O

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Halafu anauliza upi ni sahihi. Hesabu wewe. Atomu zinakubaliana kote kuwili, na chaji ni +4 kila upande kote kuwili. Mtoto wa dada alikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa, akaniambia yote miwili ni sahihi. La hasha. Manganizi mbili zinahitaji elektroni kumi, na peroksaidi moja ikigeuka oksijeni inatoa mbili tu. Ule wa juu umebahatika kukaa sawa kwa idadi, lakini elektroni zake nyingine haijulikani nani kazitoa. Wa chini ndio wa kweli. Kwa hiyo anayesawazisha kwa kubahatisha namba, hata akihakiki atomu na chaji, bado anaweza kuangukia uongo uliopangika vizuri. Nusu-milinganyo haikuachii hiyo nafasi. Walimu wengi wanasema "tumieni nusu-mlinganyo" bila kuonyesha kwa nini. Huyu kaonyesha kwa mfano mmoja tu.

Sasa makosa. La kwanza liko upande huo huo wa tindikali, ukurasa wa 27, mfano wa daikrometi. Kumepigwa chapa Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 3e⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O. Elektroni ni sita, si tatu. Kila kromiamu inashuka kutoka +6 hadi +3, ndiyo, tatu. Lakini kromiamu ni mbili. Jumlisha chaji uone: kwa elektroni sita kushoto ni +6 na kulia ni +6, kwa tatu, kushoto panabaki +9. Si kosa dogo. Akiendelea hivyo na Fe²⁺ atapata daikrometi moja kwa chuma tatu badala ya sita, na kwenye hesabu ya titresheni chuma yote itatoka nusu ya ilivyo. Kwa bahati mlinganyo wa mwisho wa mfano huo huo umeandikwa vizuri, una 6Fe²⁺ na 6Fe³⁺, kwa hiyo naamini ni mchapaji. Ila mtoto anayesoma peke yake usiku hana wa kumwambia ni mchapaji. Chukua kalamu nyekundu, sahihisha kabla hujampa.

Tufike kwenye besi, ukurasa wa 44 na kuendelea. Hapa mwalimu alikuwa na haraka, sijui ya nini. Sehemu ya tindikali kapewa kurasa ishirini na tano, besi kapewa tisa. Na kwenye ukurasa huo mmoja wa 44 kaweka njia mbili tofauti bila kumwambia msomaji kwamba ni mbili. Mfano wa kwanza unasawazisha kana kwamba kuna tindikali, halafu mwishoni unaongeza OH⁻. Mfano wa pili unaweka OH⁻ na maji tangu mwanzo. Zote ni halali. Ukizichanganya katikati ya swali unaharibu kila kitu.

Mtoto wa dada alinijia na kitabu mkononi. "Mama mdogo, swali limesema besi. Hizi H⁺ zimetoka wapi?"

Swali zuri, na pamfleti haina jibu lake. Nilimwambia H⁺ hapo ni kama jukwaa la fundi rangi: unalisimamisha upate kufika juu, ukimaliza unaliondoa, hakuna anayeishi juu yake. Ndani ya chupa yenyewe ya besi H⁺ za kutosha kufanya kazi hiyo hazipo. Kwa hiyo kila H⁺ iliyobaki lazima uifute kwa OH⁻, na OH⁻ hiyo uiweke pande zote mbili, si upande mmoja. Hapo H⁺ na OH⁻ zinakutana kuwa maji, maji ya pande mbili yanapunguzana, basi.

Tukachukua mfano wake wa permanganeti na salfaiti, tukaufanya kwa ile njia ya pili tangu mwanzo:

MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻

SO₃²⁻ + 2OH⁻ → SO₄²⁻ + H₂O + 2e⁻

Ya juu mara 2, ya chini mara 3. Ukijumlisha, maji manne yako kushoto na matatu kulia, OH⁻ sita kushoto na nane kulia. Punguza:

2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + H₂O → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + 2OH⁻

Chaji −8 na −8. Kitabu kimeishia hatua moja kabla, kimeacha maji pande zote mbili, na kukiita jibu. Mlinganyo uliosawazishwa hauachi kitu kilekile kushoto na kulia. Mtahini mkali atakata alama hapo, na ana haki.

Kinachoniudhi zaidi ni mifano aliyoichagua. Klorini na soda kostiki kaitendea haki, ya baridi na ya moto. Ya baridi inatoa kloridi na ClO⁻, ile iliyomo kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Ya moto inakwenda mpaka ClO₃⁻: 3Cl₂ + 6OH⁻ → 5Cl⁻ + ClO₃⁻ + 3H₂O. Sawa. Lakini pamfleti inauzwa Geita, mji uliosimama juu ya mlinganyo mmoja wa besi, na mlinganyo huo haumo. Nauandika mimi, mwenye nakala anakili kwenye ukurasa mtupu wa nyuma.

Dhahabu haitaki kuoksidishwa. Hewa peke yake haiiwezi. Ila ukiweka sayanaidi, dhahabu inayotoa elektroni inashikwa papo hapo na ioni mbili za CN⁻, na kazi inawezekana:

Au + 2CN⁻ → Au(CN)₂⁻ + e⁻

Elektroni inapokelewa na oksijeni ya hewa. Anza kwa jukwaa: O₂ + 4H⁺ + 4e⁻ → 2H₂O. Ongeza OH⁻ nne kila upande, punguza maji, unapata O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻. Dhahabu mara nne, jumlisha:

4Au + 8CN⁻ + O₂ + 2H₂O → 4Au(CN)₂⁻ + 4OH⁻

Chaji −8 kushoto, −8 kulia. Unaitwa mlinganyo wa Elsner, wa mwaka 1846, na njia ya kuchenjua kwa sayanaidi iliyoenea duniani ilianza Glasgow mwaka 1887. Kila tangi la marudio ukanda huu linaendeshwa na mstari huo mmoja. Umesoma O₂ kushoto? Ndiyo maana plant inapuliza hewa kwenye tangi. Compressor ikizima dhahabu inakawia kuyeyuka hata dawa ikiwa tele. Umesoma nane kwa nne? Piga hesabu ya sodiamu sayanaidi, 49 kwa moli, dhahabu 197: gramu moja ya dhahabu inataka karibu nusu gramu ya dawa. Hiyo ni ya karatasi. Tangini inakwenda nyingi zaidi, kwa sababu shaba na madini ya salfa yaliyomo kwenye mchanga nayo yanakula dawa bila kukupa chochote.

Na hapa ndipo "kwenye myeyusho wa besi" inaacha kuwa maneno ya mtihani. Sayanaidi ikikutana na H⁺ inakuwa HCN, gesi inayoua. Tunamwaga chokaa kwanza, tunapima pH, ikifika kati ya 10 na 11 ndipo dawa inaingia. Mtu akiandika mlinganyo huu na kuziacha H⁺ ndani yake, karatasini amekosa alama moja. Tangini asingepata nafasi ya kusahihisha. Mwalimu aliyeandika pamfleti hii, akiweka mfano huu mmoja tu, ukurasa wa 44 ungejieleza wenyewe.

Mazoezi ni mengi na mazuri, hamsini kwa jumla. La mwisho ni alumini na naitreti ndani ya besi, ile inayotoa harufu ya amonia kwenye kutambua ioni. Jibu lake ni 8Al + 3NO₃⁻ + 5OH⁻ + 18H₂O → 8Al(OH)₄⁻ + 3NH₃, nimelihakiki, liko sawa: oksijeni 32 kwa 32. Majibu ya tindikali yana njia kamili. Ya besi yana jibu tupu, mstari mmoja, na ndiyo yaliyohitaji njia.

Watu wataniambia siku hizi simu inasawazisha yenyewe. Inasawazisha, ndiyo. Ila hizo programu nyingi zinasawazisha kwa aljebra ya atomu, na mfano wa peroksaidi hapo juu unakuonyesha aljebra inaweza kukubali nini. Kuhakikishia jibu, sawa. Kujifunzia, hapana. Na chumba cha mtihani simu haiingii.

Kwa wa kidato cha tano na sita, wa PCM, PCB na CBG, ninaipendekeza, hasa kama shule yenu maabara ni ya kusuasua na mtoto hajawahi kushika bureti. Kwa wa kidato cha nne ni nyingi mno, atapotea. Mtafutie kitu kingine. Mwenye shida ya besi tu asiinunue kwa sababu ya hizo kurasa tisa, aketi na mwalimu wake. Ukiinunua, fanya mambo haya kabla hujaiweka mezani: ukurasa wa 27 badilisha 3e⁻ iwe 6e⁻, ukurasa wa 44 andika "njia ya kwanza" na "njia ya pili" juu ya mifano, na mwisho wa mfano wa salfaiti punguza yale maji. Kwenye steshenari ya karibu na stendi wana nakala zilizotolewa upya zenye wino mzuri, ila ziko chini ya kaunta. Za juu ndizo zile zilizofifia, usipouliza utapewa hizo.